Kasoro ya Mkokoteni

Lori lilipoondoka Kaengesa, Fortunata alikaa juu ya magunia. Mfukoni alikuwa na mchoro wa mkokoteni wa ng'ombe, aliotumiwa na fundi Eustace wa Milanzi autolee maoni kabla ya kuanza kazi leo. Maoni aliyoyaandika, ukurasa mzima, yalikuwa sifa tupu.

Mbele yake wanaume wawili wasiojuana walikuwa wakimjadili fundi huyohuyo.

"Nilidumu kwake wiki tatu," alisema kijana mwenye msumeno. "Anatundika mchoro wake ukutani, anauliza kasoro iko wapi. Nikamwambia ni mzuri, fundi. Akasema macho ya kuuona uzuri anayo mwenyewe, nikafungashe virago."

"Fundi alikosea nini?" aliuliza mwenzake, mfugaji aliyejitaja kuwa Shija bila kuulizwa. "Kwangu alisomba samadi siku mbili kwa mkokoteni alioutengeneza mwenyewe, akiutafutia kasoro. Aliporudi akaubomoa."

"Huo ni ukorofi, mzee. Mtu hupenda kusifiwa kidogo."

"Ng'ombe wangu hawavuti sifa."

Fortunata aliukunjua mchoro, akausoma upya kama mtu asiyemjua mchoraji. Ekseli ilikuwa imepimwa kwa magunia manane.

"Shikamoo, baba. Wewe hupakia magunia mangapi?"

"Marahaba. Kumi na mawili, mwanangu, tangu wanunuzi binafsi waanze kuja. Kwa nini?"

Lori lilisimama Milanzi. Wale wawili walikuwa bado wanabishana. Fortunata alishuka, akaigeuza karatasi ya sifa na kuandika upande wa nyuma: Ekseli itakatika.