Ubao wa Nyumba ya Yosaburo

Isao, zima redio hiyo. Fumi, niinue mgongo kidogo, kisha ketini nyote wawili, wanangu, maana neno hili nimelimeza miaka hamsini na sasa linanikaba.

Nyumba na vifaa vyangu vya useremala ni vya Isao. Shamba la mitufaha ni la Fumi. Lakini ubao ule uliobeba madhabahu ya mababu, ambao kila mgeni akiingia huusifu, si wangu kuurithisha.

Kisa cha ndege mnakijua, mmenisikia nikijigamba nikishalewa sake. Marubani wawili wa kigeni walikuja ufukweni kwetu wakitaka kuvuka bahari nzima hadi Amerika bila kutua. Ndege yao ilijaa petroli hata ikashindwa kujiinua mchangani, basi kila nyumba ikatoa ubao mmoja tuwatandikie njia, nami fundi nikaandika kwa wino, upande wa chini, jina la kila nyumba. Watu wale, wanangu! Walitupa viti, wakatupa hata viatu vya akiba ili wapunguze uzito, wakabaki na matufaha yetu mifukoni, wanacheka. Niliwapenda kwa ujasiri wao, mimi mwoga.

Jioni ya mwisho nilikagua mbao, nikakuta wangu una ufa. Ningesema, safari ingeahirishwa na fundi mkuu angechekwa. Nikalipiga randa jina langu, nikaandika la jirani yetu Yosaburo. Ubao wake usio na ufa nao nikaupiga randa, nikauandika jina langu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta nimeujenga maisha yangu yote.

Asubuhi ubao ukavunjika, gurudumu likazama, ndege ikalala ubavu. Hawakufa, ila walirudi kwao kwa meli, na yule mkubwa alilia mbele za watu. Ubao ukapinduliwa. Yosaburo akaja mbio: "Kichizo, waambie! Ubao wangu haukuwa na fundo hata moja, si wewe mwenyewe uliusifu?"

Nikamjibu, "Wino hauna ugomvi na mtu, bwana."

Kijiji kikamtenga kama ilivyo desturi yetu. Isipokuwa kwa moto na msiba, hakuna aliyekanyaga kwake. Mwaka uliofuata wakaja marubani wengine, wakapita juu ya mbao zile zile, wakaruka, wakavuka. Mimi nikanyweshwa sake, nikarudishiwa ubao wenye jina langu, ndio huu wa madhabahu. Yosaburo hakualikwa. Alisimama peke yake juu ya kilima cha mchanga akipunga kofia mpaka ndege ikapotea, na ubao wake ndio uliowabeba, naye hakujua. Akafa hajui. Naona haya, wanangu.

Maji, Fumi. Basi, yatosha.

Kesho uteremsheni ubao huo. Mkitazama vizuri chini ya jina langu mtaliona lake, randa haikulifuta lote. Ubebeni mabegani mchana kweupe, mpite barabara kuu, mpaka kwa binti yake, Kinu. Inameni mpaka chini. Semeni, baba yetu alidanganya. Akiwafukuza, msibishane naye, uacheni mlangoni. Madhabahu ikae sakafuni, nami msinibebe kwenda kaburini kabla hamjaubeba huo.

Mababu wawalinde. Mitufaha izae. Wajukuu wangu wapate... ule moyo wa wale waliokuwa wanacheka. Isao, shika mbele. Fumi, nyuma. Mwende polepole... ni mzito, wanangu. Naujua... uzito wake.