Papa Philémon na Mbuzi Aliyekula Chui

Ijumaa hii, tarehe 5 Julai 1991, Papa Philémon Bahizire, mwalimu wa kuchora wa shule yetu hapa Nyalukemba, anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini ya kazi. Jumamosi asubuhi anapanda boti kurudi kwao, kisiwa cha Idjwi. Kabla hajavuka, kuna jambo moja ambalo Maman Adolphine, mpishi wetu, ametutaka tulinyooshe mbele ya watu wote: yule mbuzi alikuwa wa nani? Papa Philémon hataki tuliandike. Pole yake, kalamu leo iko mikononi mwangu.

Alianza mwaka 1961, kravati ya buluu shingoni na penseli sikioni. Serikali ilipokataza kravati, na majina ya ubatizo pamoja nazo, aliikunja yake akaitia sandukuni, akawa Citoyen Bahizire wa abakosti, lile koti la kufunga hadi shingoni lisilotaka kravati. Abakosti ile! Kila rangi iliyopita darasani iliacha salamu zake pale, hata hakuna anayekumbuka ilishonwa ikiwa ya rangi gani. Mwaka jana ruhusa iliporudi, kravati ilitoka sandukuni imeliwa na nondo, naye akaivaa vilevile.

Penseli moja aliikata vipande vinne ili asiwepo mtoto wa kukaa bure. Mkate wake wa mapumziko sikuwahi kumwona akiula mwenyewe. Uliishia kwa mwanafunzi aliyetoka nyumbani bila kunywa chai. Sifuri hakujua kuitoa. Nilipomgombeza kwa kumpa alama nzuri kijana aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano, alinijibu kwamba ng'ombe huyo alikuwa anatembea. Mimi nafundisha jiografia, na nina malalamiko yangu pia: kila alipoichora upya ramani ya ziwa ukutani mwa darasa langu, Idjwi ilinenepa. Sasa imebaki kidogo tu iguse Goma.

Haya, tuje kwa mbuzi. Mwaka 1977 mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, na shule yetu ikaagizwa kuchora chui, alama ya taifa, kwenye shuka kubwa la kutundikwa barabarani. Rangi madukani hakuna. Papa Philémon hakubabaika. Nyekundu na njano alizitoa kwenye udongo wa mlimani, nyeusi kwenye makaa, nyeupe kwenye chokaa, akazikoroga na uji wa muhogo ili zishike, akatia na chumvi uji usichache. Chui akatoka mkali ajabu, macho yanakufuata mpaka chooni. Tukamwanika uani nyuma ya jiko, tukaenda kula.

Huko nyuma ya jiko ndiko Maman Adolphine, mjane mwenye watoto watano, alikuwa amefunga mbuzi wake wa kupeleka soko la Kadutu jioni. Uji wa muhogo wenye chumvi! Mbuzi gani angevumilia? Aliikata kamba. Tuliporudi, chui alikuwa amebaki mkia na mguu mmoja wa nyuma, na mbuzi ametulia zake, anatafuna sikio.

Leo tunacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Miaka ile, kuharibika kwa chui wa taifa wakati mgeni yuko njiani lilikuwa jambo la kumpeleka mtu gerezani, na vijana wa chama walikuwa wameshafika langoni wanamuulizia mwenye mbuzi. Maman Adolphine alisimama na mwiko mkononi. Ndipo Papa Philémon akapita mbele yake na kusema kwamba mbuzi ni wake, kamleta shuleni wanafunzi wamchore. Uongo mtupu! Mtu huyu hakuwahi kufuga hata kuku. Walipotaka ushahidi, aliwaongoza darasani polepole sana, akisimama njiani kuwaonyesha maua. Walipoingia, walikuta darasa zima limeinama kimya, kila mmoja anachora mbuzi. Hakuna mwalimu aliyewaagiza. Waliokaa dirishani walisikia, wakanong'onezana, basi.

Hakufungwa, lakini alihamishwa kwa adhabu hadi Shabunda, miaka miwili msituni, mbali na mke na watoto wake. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Yeye alirudi amekonda, anatusimulia jinsi wachimba dhahabu walivyomcheka: wao walichimba kutafuta dhahabu, yeye alichimba kutafuta nyekundu.

Tangu hapo wawili hawa wanabishana jikoni. Kila Maman Adolphine alipotaka kwenda kusema ukweli, Papa Philémon alikataa katakata: mbuzi ni wake. Juzi mama huyo alinifuata katika chumba cha walimu, hakutaka hata kuketi.

"Madame Noëlla, muandike vizuri, watu wote wasome," akaniambia. "Ile mbuzi ilikuwa yangu. Papa Philémon alibeba kosa yenye haikuwa yake, juu watoto yangu wakule."

Nimeandika, Maman. Watoto walikula, wakakua, na leo wote watano wameketi mstari wa mbele katika sherehe hii ya kuagana.

Asante, Papa, kwa vipande vya penseli, kwa mkate, na kwa miaka miwili ile ya Shabunda ambayo hukutaka tukushukuru. Idjwi ikupokee kwa furaha, nafasi haitakosekana, tumeiona ukutani ilivyo kubwa. Afya njema, usingizi mzuri, na udongo wa kila rangi shambani kwako.

Tena, ukifika bandarini Jumamosi utamkuta Maman Adolphine anakungoja na mbuzi jike, kitukuu wa yule mla chui, amefungwa kamba mpya. Ni zawadi, usibishe. Kuanzia siku hiyo, ukisema mbuzi ni wako, hatimaye utakuwa unasema kweli.

Noëlla, mwalimu wa jiografia, kwa niaba ya walimu wenzako wote