Mkono Kwanza, Kamba Baadaye: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mzee Rudi-Kesho

Sasa hivi binti yangu wa miaka mitatu ameweka kiganja juu ya kikombe cha chai cha meneja, akakunja uso kama mtu mzima, akatangaza: "Moto! Rudi kesho." Meneja hakucheka. Alikuwa amekuja kuniuliza kwa mara ya nne kama wasifu huu umekwisha, maana karatasi za sherehe ya kesho zinatakiwa kupigwa chapa leo saa kumi na moja. Sisi wengine tumecheka mpaka seremala akaangusha randa, kwa sababu kila mtu katika karakana hii anajua mtoto kajifunza kwa nani.

Kajifunza kwa fundi wetu mkuu wa mashine za boti, ambaye kesho Ijumaa, tarehe 28, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Kwenye faili ana jina zuri tu alilopewa na wazazi, lakini ukimwita kwa jina hilo hageuki. Yeye ni Mzee Rudi-Kesho. Nimeambiwa niandike mimi, mtunza stoo, si kwa elimu, maana shule niliiacha mapema, bali kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Tena hakuna aliyegombana naye kunishinda.

Mzee aliingia hapa kama muosha maboti. Akashika spana kwa kuazima, akawa msaidizi, akawa fundi, akawa fundi mkuu, na njia nzima hiyo hakuwahi kufanya jambo lolote haraka. Mashine alizozifungua na kuzifunga hazina hesabu. Lakini kilichompa jina ni kukagua mashine kuukuu kabla mtu hajainunua, na ukaguzi wake, jamani, unachosha kuutazama.

Kabla hata ya salamu, anaweka kiganja kwenye mashine. Ikiwa na uvuguvugu hata kidogo, anafuta mkono kwenye ovaroli na kusema neno lake: rudi kesho. Muuzaji ataapa kuwa ni jua. Mzee atamjibu kwamba jua halipashi chini ya tumbo. Mwanzoni nilidhani ni kiburi cha uzee, mpaka siku moja aliponieleza huku akimenya chungwa. Mashine iliyochoka, ikishapata moto, huwaka hata ukiivuta kwa kidole. Ugonjwa wake unaonekana asubuhi, ikiwa baridi. Ndiyo maana wauzaji wajanja huiwasha nyumbani kwanza, wakaizima, ndipo wakaileta kwako ikiwa imeshaamka.

Ikiwa ni baridi kweli, anavuta mwenyewe kamba ya kuiwashia na kuhesabu mivuto. Halafu anaangalia kama inakojoa vizuri, yaani kama maji ya kuipoza yanatoka kwa nguvu, maana isiyokojoa itajichemsha ife. Anafungua plagi zote na kuzipanga kwenye kitambaa kama meno ya mtu. Anapima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, anataka zilingane, moja ikilegea anafunga kisanduku. Anatoa tone la oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, mazungumzo yameisha. Rangi mpya ndiyo humtia shaka zaidi ya kutu. Mashine moja ililetwa ikiwa inang'aa, akaizunguka mara moja, akasema aliyejipaka poda hivi ana kovu, akakwangua kwa ukucha na kukuta ufa uliozibwa kwa gundi.

Tena kujaribu kwenye pipa la maji hataki. Anasema kwenye pipa kila mashine ni shujaa. Anataka iende majini, imebeba watu. Mara nyingi watu wenyewe ni sisi. Mpishi wa kantini, ambaye ana mwili, amejaribishiwa mashine nyingi kuliko mtu yeyote na hadi leo hajui kuogelea.

Sasa nieleze kwa nini miezi hii miwili tumenuniana. Boti yetu ya kuvushia watu ilikufa mashine. Boti hiyo ndiyo inayopeleka wagonjwa zahanati na watoto shule, kutoka ng'ambo ya maji hadi huku. Bila boti, mtu anazunguka kwa barabara mwendo wa saa tatu. Mama yangu mzazi anaishi ng'ambo, na yeye ndiye aliyekuwa akivuka kila asubuhi kunilelea mtoto. Magoti yake hayaiwezi barabara hiyo. Ndiyo sababu binti yangu anakulia stoo, kati ya makopo ya grisi, na maneno yake ya kwanza marefu ni "propela" na "rudi kesho".

Ofisi ikaamua tununue mashine kuukuu, mpya haipatikani karibu. Zikaletwa sita. Mzee akazikataa sita. Ya kwanza oili ya maziwa. Ya pili ilikuwa na uvuguvugu. Ya tatu ilikojoa matone kama mzee mwenzake, hayo ni maneno yake, si yangu. Ya nne ile ya poda. Ya tano vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa, dalili kwamba imefunguliwa na mtu wa haraka. Ya sita ilipita kila kitu, tukaanza kushangilia, ikaenda majini na mpishi, ikazimika mita hamsini kutoka gatini. Mpishi alirudishwa kwa kasia, amenuna.

Meneja akamwambia waziwazi: "Mzee, ngojangoja huumiza matumbo." Mzee akamjibu bila kuinua kichwa, "Tumbo litapona, bwana. Aliyezama haponi." Mimi mwenyewe nilimfuata nikamlilia kabisa. Nikamwambia baba, mwanangu anakohoa moshi humu, ipitishe moja basi hata iwe mbaya kidogo. Akaniuliza kama huo ubaya kidogo nitampandisha nao mama yangu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta amemtengenezea binti yangu kiti cha kreti karibu na dirisha, upande usio na moshi, na wote wawili wameketi wanapanga plagi kwenye kitambaa.

Baadaye mkewe ndiye aliyenisimulia, siku alipomletea miwani aliyoisahau. Zamani, mumewe akiwa fundi kijana, alipitisha mashine moja kwa sababu watu walikuwa wengi gatini na wote wanapiga kelele. Aliikuta ya moto, akanyamaza. Ilizimika katikati ya maji na haikuwaka tena. Watu kumi na wanne walielea tangu asubuhi mpaka jioni, mmoja wao mkewe mwenyewe, mjamzito wa miezi minane. Hakufa mtu. Mama yule anasema mumewe alimpokea gatini akitaka kumshika mkono, naye akauficha mkono nyuma, akamwambia mkono huo akauweke kwenye mashine kwanza. Wanacheka sasa. Lakini ndipo desturi ile ilipoanzia.

Na leo asubuhi ikaja ya saba. Dalali aliifikisha saa mbili, akavuta kamba mara moja tu, ikanguruma. Meneja akapiga makofi. Mzee alikuwa ofisini anarudisha funguo, ni siku yake ya mwisho ya kazi, na tangu Jumatatu ametangaza kwamba ya saba nitaikagua mimi. Miaka minne amenifundisha akinigombeza, kumbe alikuwa ananiandaa. Basi mimi, mwanafunzi wake hodari, nilikuwa naufikiria wasifu huu, nitaanza na neno gani zuri, nikashika kalamu niweke sahihi kwenye fomu ya kupokea. Sikuweka mkono. Nasema ukweli, nilisahau mkono!

Binti yangu ndiye aliyeuweka. Alipenya katikati ya miguu ya watu, akapapasa chini ya tumbo la mashine, akaruka. "Moto!"

Dalali akaanza habari za jua. Nikajisikia nasema kwa sauti ya Mzee kabisa kwamba jua halipashi chini. Akakiri aliiwasha njiani, "kidogo tu, mama, kuipasha mwili." Nikageuka nimwambie arudi kesho, nikakumbuka. Kesho Mzee ni mgeni wa sherehe, si fundi tena. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote, fomu na kalamu na mtoto. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Alimvutia dalali kreti akamwambia akae kivulini mpaka ipoe, hata ikifika jioni. Tangu hapo dalali amekaa, anapuliza pumzi, meneja anatembea huku na huko, na mimi naandika.

Mzee wetu, tumekununia vya kutosha. Sasa pokea shukrani za watu wote ambao hawakuwahi kujua kwamba walifika salama kwa sababu yako. Asante kwa mashine ulizozikataa. Asante kwa kiti cha kreti. Mpishi pia anakushukuru, amesema niandike hivyo ingawa bado amenuna. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na mtu wa kukuharakisha, afya yako na ya mama wa nyumbani, na siku boti itakapovuka tena, mama yangu akiwa benchi la mbele, uje gatini umpokee wewe, umwone mjukuu wake anavyo...

Naitwa huko nje. Dalali anasema imepoa, ameshachoka, njoo mama njoo. Nimechungulia dirishani: Mzee ameketi kando ya mashine, mikono yote miwili ameikalia makusudi ili asije akaigusa, ananingoja mimi niweke wangu kwanza, na binti yangu kando yake naye ameikalia yake. Naiacha kalamu, naenda kuweka mkono.