Asante Yetu Haikuwa Ndiyo

Risala ya wafanyakazi wa chumba cha kufulia cha hospitali, mbele ya meneja wa tawi la benki

Mgeni rasmi, Bwana Meneja, ulipofika mlangoni ulibisha hodi, ukasimama mpaka tukakuitikia karibu. Mlango wetu huwa wazi mchana kutwa kwa sababu ya mvuke, na watu huingia tu, hata wenye vyeo. Jambo hilo halikuwamo kwenye risala. Nimeliandika pembeni sasa hivi, maana nililiona kabla sijauona uso wako.

Mkuu wetu wa idara, viongozi wa kikundi, na ninyi ndugu zangu wa sabuni na maji: shikamooni kwa wanaostahili, na salamu kwa wote waliobaki.

Mimi nimeambiwa nisome. Nilikataa, wakasema aliyeandika ndiye atakayesoma. Nikikwama kwenye neno, mnivumilie. Sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo Injini, fundi wetu wa boila, amekubali kuzima mashine. Hilo si jina alilopewa na mama yake, lakini tumelisahau jingine.

KARIBU KWETU

Mgeni rasmi, umezoea kutuona mwisho wa mwezi kwenye foleni yako, tumevaa nguo za kutokea na kujipaka mafuta. Leo umetukuta na magauni ya kazi, vidole vimekunjamana kwa maji. Vidole hivi ndivyo vinavyobonyeza simu, na habari yetu inaanzia hapo.

Kila shuka anayolalia mgonjwa wa hospitali hii hupita humu. Huja ikiwa na mambo ambayo si adabu kuyasoma mbele ya mgeni, na hutoka ikiwa nyeupe. Tunazikunja wawili wawili: huyu anashika ncha huku, yule kule, mnavuta, kisha mnaendeana mpaka mikono inakutana. Habari zote za chumba hiki husemwa mikono inapokutana, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kunong'ona na mashine inaunguruma.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza kwa kuchangiana misiba na uzazi. Wakati huo mshahara tulipewa mkononi, ndani ya bahasha. Kisha tukaambiwa tufungue akaunti, pesa zitakuwa salama. Na kweli, mwizi wa mtaani hakuzipata tena.

Halafu ukaja ujumbe kwenye simu zetu: "Ndugu mteja, karibu ufurahie Huduma ya Utulivu." Hakuna benki iliyowahi kutuita ndugu. Tulionyeshana simu, tukafurahi, na kila mmoja akajibu kwa neno ambalo hata asiyejua kusoma vizuri anaweza kuliandika: Asante.

Mgeni rasmi, hapa ndipo tunaomba utusikilize kwa makini. Mtu akikukuta unakula, ukamwambia karibu, naye akajibu asante, humpakulii. Unajua ameshiba, au ana haraka, au ameona chakula ni kidogo. Amekataa. Hakutaka tu kukutupia neno hapana, maana hapana ni zito kwa aliyekukaribisha. Nasi tulikaribishwa na benki, tukakataa kwa adabu. Benki ikatupakulia, ikatulisha kwa nguvu, kisha ikatudai bei ya chakula.

Kila mwezi ada ya huo Utulivu ikakatwa kwenye mshahara. Akaunti ikipungua kwa sababu ya makato hayo, tukatozwa faini ya salio dogo. Faini nayo ikalipunguza salio, ikaita faini nyingine. Huduma ile ya Utulivu ndiyo iliyotunyima usingizi.

TULIYOFANIKIWA

Tulikwenda benki kudai. Dada wa dirishani, mpole tu, hatumlaumu, alifungua kompyuta akasema, "Mlikubali wenyewe. Hili hapa jibu lenu: asante."

Injini akasogea mbele. "Dada, nikikwambia karibu nikuoe, ukaniambia asante, nikanunue pete?"

"Kaka, hapa ni kazini."

"Najua. Ndiyo maana nauliza kabla sijanunua."

Dada alicheka, hata askari wa mlangoni alicheka, lakini pesa hazikurudi. Tukaandika barua. Ikapotea. Tukaandika nyingine, tukaipeleka wote kwa pamoja ili isipate pa kupotelea. Wakati huo ndipo ulipohamishiwa tawi hili, Bwana Meneja. Tunaambiwa uliisoma umesimama. Baada ya muda karibu wote tukarudishiwa makato na faini, na leo tumekuita tukushukuru.

Tunataka ujue pesa zile zilikwenda wapi. Mwenzetu mmoja alinunua godoro, akatuambia mgongo wake ulikuwa umesahau kwamba unaweza kunyooka. Injini alinunua redio inayoshika kituo kimoja tu, nacho hakipendi. Bi Kamba, anayeanika shuka uani, alimaliza deni la dukani. Siku iliyofuata akapita mbele ya lile duka bila haja ya kununua chochote, apate tu kusalimiwa kama zamani.

YANAYOTUSUMBUA

Tumesema karibu wote. Aliyebaki ni mmoja, naye ni huyu aliyekaa karibu na meza ya pasi, anayenikonyeza niache kumtaja. Samahani, Mama Pasi. Kikundi kimeamua utajwe.

Mama Pasi alikuwa humu kabla hatujaletewa mashine ya kupiga pasi. Makoti ya madaktari bado anayapiga kwa mkono, kwa sababu anasema mashine haijui kola. Kila mgeni wa kazi humu amefundishwa naye. Hagombezi. Husimama nyuma yako, akaweka mkono wake juu ya wako, pasi ikaenda.

Yeye alipopata ujumbe wa benki aliona neno asante peke yake ni ubahili. Akaandika: "Asante sana wanangu, Mungu awabariki." Alipokwenda kudai aliambiwa, "Mama, wewe ndiye uliyekubali kuliko wote." Na barua ya makao makuu inasema kwamba mteja alionyesha kuridhika na huduma. Mgeni rasmi, aliyekataa kwa adabu nyingi kuliko sisi sote ndiye pekee ambaye hajarudishiwa.

Mwisho wa mwezi huu Mama Pasi anastaafu. Anakwenda kuishi kwa mwanawe wa kwanza, mbali, na akaunti ya mshahara itafungwa. Ikifungwa kabla ya kurudishiwa, dai lake limekufa.

Ameambiwa kuna njia: ajaze fomu ya maombi maalumu, aandike pesa hizo anazihitaji kwa jambo gani, nao watafikiria. Kwanza tulishangaa. Mtu akichukuliwa sahani yake, je, aeleze ana njaa kiasi gani ndipo arudishiwe? Lakini siku zinakwenda, tukamsihi ajaze. Alijaza kila mahali, akaacha wazi pale penye sababu.

Bi Kamba akamwambia, "Andika basi hata matibabu ya magoti."

"Magoti yangu hayajambo."

"Basi hizo pesa ni za nini, dada yangu?"

"Ni za mtu. Na huyo mtu hajanijibu. Siwezi kumtia kwenye karatasi ya benki naye hajasema ndiyo."

Tukajua ni mwanamume. Tulimcheka wiki nzima, tukamtafutia bwana harusi kati ya wazee wote wanaoleta makapu ya nguo. Yeye alicheka nasi, lakini hakuandika.

MAOMBI

Tunaomba Mama Pasi arudishiwe makato na faini zake zote kabla ya mshahara wake wa mwisho. Hatuombi msaada wala huruma. Tunaomba asante yake isomwe kama inavyosomwa majumbani mwetu, na kwenu pia, maana hata wewe, Bwana Meneja, umewahi kukaribishwa ukiwa umeshiba.

Tunaomba pia ujumbe wa benki usikae kimya kungoja tukosee. Uulize waziwazi: unataka au hutaki, itagharimu kiasi gani. Na neno hapana lipewe mahali pake pa kubonyeza, ili mtu akatae bila kuona haya.

Na asiyejua kusoma akifika dirishani, apatikane mtu wa kumsomea taratibu, foleni isimgunie.

Bwana Meneja, tunakuombea afya njema, usije ukalazwa ukalalia shuka zetu. Na ikibidi, kwa kuwa hakuna ajuaye ya kesho, basi utazikuta zimenyooshwa na zina harufu ya jua. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na ya mikono yetu.

Ni sisi, Kikundi cha Shuka Nyeupe.

Risala ya kikundi imeishia hapo. Hili lililobaki nimeliandika mwenyewe na hakuna aliyelipitia. Mgeni rasmi, uniwie radhi nigeuke kidogo upande wa meza ya pasi.

Mama Pasi, tulikuwa tunakunja shuka, mimi na wewe. Mikono ilipokutana ukaniuliza, "Nikikulipia masomo ya jioni umalizie darasa lile uliloachia, utakwenda?" Nikasema, "Asante, Mama." Ukaniangalia. Hukusema basi nimekubali, wala hukusema basi nimekataa. Ulichukua ncha zangu za shuka ukaendelea na kazi. Siku nyingine ukaniuliza tena, nikakujibu vilevile.

Sikuwa nakataa. Niliogopa nikisema ndiyo nitaonekana nimekodolea macho pesa za uzee wako. Niliogopa kukaa na vijana wadogo, magoti yangu yakigonga dawati. Nikijiwazia nimekaa pale, naona haya, na bado nalala nikiwaza darasa lile. Nawe umekubali kupoteza pesa zako kuliko kunisemea jibu ambalo sijalitoa.

Walipokucheka kwa ajili ya bwana harusi nilicheka nao. Huyo mtu ni mimi.

Ndiyo, Mama. Nataka kusoma.