Janti Nyeusi kwenye Mteremko wa Amina

Uvira imebanwa kati ya mlima na ziwa kama mtu aliyelala kwenye kitanda chembamba: akigeukia huku anagonga ukuta, akigeukia huku anaanguka majini. Kwa hiyo njia zinazotoka juu hushuka kwa pupa, na iliyo na pupa kuliko zote watu waliiita Amina, kwa sababu mwenye baiskeli huanza sala kule juu na kuimaliza akifika chini, akifika. Pale pale inapoishia, kwenye kona, Mama Ernestine huweka jiko lake la kahawa, na mbele ya jiko kuna benchi. Benchi hilo lina miguu minne ya koo nne: mmoja wa mbao, mmoja wa bomba la maji, mmoja wa mti wa mkaratusi, na wa mwisho ni kipande cha fremu ya baiskeli. Kila mguu mpya ni kumbukumbu ya mtu aliyekosa freni.

Asubuhi hiyo Bertrand, mchukuzi wa maziwa, alishuka Amina kwa miguu, ameishika baiskeli yake pembe kama fahali mkaidi, madumu ya maziwa yakiyumba nyuma. Alitembea kwa sababu alihukumiwa. Msimu wa mvua uliopita, janti yake ya mbele, ule mduara wa aluminiamu unaobanwa na mpira wa freni, ilikuwa imelika kwa tope na mchanga hadi ikawa nyembamba kama kopo. Katikati ya mteremko alibana, janti ikapasuka, naye akaingia kijiweni na mzigo wake wote. Ule mguu wa nne wa benchi ulitoka katika baiskeli hiyo. Mzee wa kijiwe, Papa Sylvestre, waliyemwita Tribinali kwa kupenda kwake kukata kesi, aliogeshwa maziwa toka kichwani hadi kwenye soksi. Hapo hapo akatoa hukumu: Bertrand asipande tena baiskeli kwenye Amina, maisha yake yote.

Tangu siku ile maziwa ya Bertrand yalifika sokoni wakati kina mama wameshanunua ya wengine na jua limeshaanza kuyagandisha. Kutembea Amina nzima, hatua kwa hatua, huku wenzake wakizunguka kwa pikipiki, kulikuwa kunammaliza. Leo alikuja na kesi yake. Aliegemeza baiskeli ukutani, akainua gurudumu la mbele, akalizungusha. Janti zilikuwa nyeusi.

— Papa Sylvestre, nakuja kuomba ile hukumu iondolewe. Nimepata janti mupya.

— Mupya gani? Zimeungua.

— Haziungui. Ni za velo ya mulima, baiskeli ya kupandia milima, nimezitoa Bujumbura, muntu alikuwa na fremu imevunjika, mimi nilishapata fremu ingine, muzima. Juu ya aluminyo wamepaka seramiki. Hata kwa mvua freni inashika, na janti hailiki mbio.

Kwenye benchi, Clovis aliweka kikombe chini. Clovis naye walimwita Satelite, kwa kuwa hakuna habari ya dunia iliyompita, hata ambayo haijatokea.

— Hiyo ni rangi, kaka. Walikupakia rangi ukaitikia. Leta hapa.

Akatoa ufunguo wa kufuli yake, akaukwaruza kwenye janti kwa nguvu zote. Mstari unaong'aa ukatokea.

— Munaona? Rangi imetoka, aluminyo iko inacheka.

Moyo wa Bertrand ukashuka. Akainama, akautazama ule mstari. Kisha akatabasamu taratibu.

— Yaya Clovis, kaka mukubwa, aluminyo toka lini iko ya manjano?

Wote wakainama. Mstari ulikuwa wa manjano kama shaba, na ufunguo wa Clovis ulikuwa wa shaba.

— Si janti imetoka. Ni ufunguo wako umebaki hapa. Angalia meno yake.

Clovis aliutazama ufunguo, akaupapasa kwa kidole gumba, akaurudisha mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza Satelite kupoteza mawimbi.

— Wazee walisema, akaingilia Pontien, mvumilivu hula mbivu.

Pontien walimwita Mithali. Alikuwa na methali kwa kila jambo, ila si lile jambo lililo mezani.

— Sasa inaingiaje hapo? akauliza Tribinali.

— Janti hii iko mvumilivu, haiishi. Basi lazima ikule kitu. Leo imekula ufunguo. Kesho itakula mipira ya freni, kesho kutwa itakula tairi, halafu itamugeukia mwenyewe. Mla ni mla leo.

— Mipira inaikula kweli, Papa Pontien, sikatai, akasema Bertrand. Ile ya dukani, laini, inaimaliza kama sabuni. Ndiyo maana ninakata yangu ku tairi ya kamyo, ile ngumu ya lori. Mpira ukiisha, ninakata mungine. Zamani mchanga ulikula janti, na janti sikuweza kuikata ku tairi.

— Na hapa pembeni? akauliza Tribinali. Pamemegeka.

— Jiwe liligonga. Sisemi iko chuma ya mbinguni. Kakipande kadogo kalitoka, pengine pote iko nzima. Kule juu niko naitumia tangu mvua ya kwanza, na ile ya zamani ingekuwa sasa imetoboka.

Bertrand aliona macho ya Tribinali yakilainika kidogo, akapata tumaini. Lakini Clovis alikuwa amekwisha kurudi hewani.

— Ngoja kwanza. Seramiki si ile ya karo? Vile vigae vya chini kanisani?

— Ni ndugu yake.

— Bon. Siku ya Pasaka mvua iliingia mulangoni, mwimbaji mukubwa wa kwaya akakanyaga karo, akateleza toka mulango mpaka mbele ya padri bila kukosa noti. Karo kavu, sawa. Karo na maji, ni sabuni. Na weye unataka kushuka Amina, kwa mvua, juu ya karo?

Benchi zima likaguna. Hii ilikuwa hoja. Hata Bertrand aliisikia ikimpiga kifuani, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwepo Pasaka ile na alicheka.

— Na tena, Clovis akaendelea, vile vyombo vinavyorudi toka mwezini vinapakwa seramiki tumboni. Kwa nini? Ili viteleze ku hewa. Muntu akibana hiyo freni kwa nguvu, velo haitasimama. Itapaa. Tutakukuta Kalundu, bandarini, juu ya paa, na madumu yako.

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akasema Mithali kwa huzuni.

— Nani amevua nguo? akauliza Tribinali.

— Janti. Haina nguo ingine chini ya ile rangi.

Tribinali akakohoa, ishara ya kwamba hukumu inakaribia, na kwa jinsi alivyokohoa Bertrand alijua inakuja upande gani. Hapo Mama Ernestine, aliyekuwa akikata mkate kwa kisu butu, akachukua kikombe kitupu, akakipindua, akaanza kunoa kisu kwenye kitako chake. Shwa, shwa, shwa. Kila mwanamke wa Uvira hufanya hivyo, na hakuna mwanamume pale benchini aliyewahi kujiuliza kwa nini.

— Papa Clovis, kikombe hiki ni cha nini?

— Ni kikombe.

— Ni udongo wa kuchoma, ndugu ya karo yako. Juu walipaka kioo, kinateleza. Chini hawakupaka, kinakula chuma. Weka kidole.

Clovis akaweka kidole kwenye kitako cha kikombe.

— Sasa weka ku janti.

Akaweka. Akarudia kikombe, akarudia janti.

— Iko sawa, akasema kwa sauti ya mtu anayemkabidhi jirani jogoo wake.

— Basi hiyo si karo ya kanisa. Ni kitako cha kikombe. Mimi nimenoa hapa kwa mvua miaka yote, kisu kikiwa na maji kinanolewa vizuri zaidi.

— Kuona ni kuamini, akasema Mithali, na kwa bahati mbaya ilifaa, hata mwenyewe akashtuka.

Tribinali akatazama juu. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mlima, na kabla hajafungua kinywa, matone ya kwanza yakapiga mabati.

— Vizuri, akasema. Mvua yenyewe imekuja kutoa ushahidi. Bertrand, panda juu, ushuke na mzigo wako wote. Bila mzigo hata kandambili inasimama. Ukifika hapa bila kugusa benchi, uko huru. Ukiligusa, velo inabaki hapa, itatoa mguu wa tano.

— Nakubali.

— Na sisi tutakaa hapa hapa benchini, kama mashahidi, akasema Tribinali.

Clovis alikumbuka kwamba angeona vizuri zaidi akiwa chini ya upenu wa duka. Mithali akamfuata, akisema umoja ni nguvu. Tribinali mwenyewe akainuka, akaeleza kwamba jaji hakai ndani ya kesi. Chini ya upenu walimkuta mwanamke mmoja mgeni amejikinga mvua, kapu la mchele miguuni. Wakamsalimu, akawasogezea nafasi.

Benchini alibaki Mama Ernestine, na jiko lake, na mwavuli.

— Mama, inuka, akasema Bertrand. Nakuomba.

— Maziwa yako ndiyo ninatia mu kahawa ya watu. Kama siamini mukono wako ku freni, nitaaminije mukono wako ku dumu? Enda.

Alipanda Amina akiisukuma baiskeli, na mvua ikapanda naye. Kule juu aligeuka. Njia ilikuwa nyekundu na inang'aa kama ini. Chini kabisa, mdogo kama uyoga, aliuona mwavuli wa Mama Ernestine. Bertrand alikumbuka zile janti za zamani zilivyokuwa kwenye mvua: unabana, na kwanza unapata kimya. Mpira unateleza juu ya maji, baiskeli inakwenda zake, na katika kimya hicho mtu huwaza watoto wake. Ndipo baadaye freni hushika, ikitaka.

Akapanda. Akaachia.

Amina ikamvuta kama inavyomvuta kila mtu. Madumu yakamsukuma mgongoni, tope likaruka, mabati yakampita pande zote mbili. Akabana. Akangoja kile kimya.

Hakikuja. Palepale janti ilishika, na ikapiga yowe, yowe refu, kali, kama nguruwe aliyeona kisu, likashuka mlimani kabla yake. Madirisha yakafunguka. Watoto wakatoka. Na katikati ya mteremko, mbele ya gurudumu lake, bata mmoja alitoka uani na vifaranga vyake nyuma, akaanza kuvuka njia bila wasiwasi, kwani bata na mvua ni marafiki.

Bertrand akasimama.

Hakuna aliyewahi kusimama katikati ya Amina. Watu walisimama juu, au walisimamishwa chini. Yeye alisimama pale, mguu mmoja chini, maziwa yakicheza mdundo ndani ya madumu, akawangoja bata wamalize. Kifaranga wa mwisho alirudi nyuma kuangalia kitu, akangojwa naye. Chini, chini ya upenu, Clovis alikuwa amemshika Mithali mkono bila kujua.

Kisha akaachia tena, akabana, akaachia, akabana, akicheza na mteremko kama mpiga ngoma anayeijua ngozi yake, na kila akibana yowe liliitika. Akaja hadi chini, akapinda, akasimama kando ya jiko. Tone moja la maji ya tope likaning'inia kwenye tairi la mbele, likafikiri, likaangukia ukingoni mwa makaa. Chwii.

Mama Ernestine hakuinuka. Alinyosha mkono kutoka chini ya mwavuli na kikombe ndani yake.

— Kunywa. Iko inapoa tayari.

Mtaa ulipiga makofi. Mwanamke mmoja dirishani alipiga vigelegele, akajibiwa na wa upande wa pili. Bertrand alikunywa kahawa na mvua kwa pamoja, na hajawahi kunywa kitu kitamu namna ile. Tribinali akatoka chini ya upenu, akazunguka benchi, akaligusa kila mguu, akahakikisha.

— Hukumu ya tribinali haivunjwi, akasema. Inapumzishwa. Bertrand, toka leo utashuka Amina umekaa ku kiti chako. Lakini piga kelele vile vile, ili tujue ni weye.

— Miye nilisema toka mwanzo janti iko nzuri, akasema Clovis.

— Ulisema nitapaa.

— Nilisema kwa kusifu.

Wakarudi kukaa, wakacheka, wakamwita na yule mgeni wa chini ya upenu naye aje anywe. Alikaa pembeni, kapu lake mapajani, akajitambulisha: Libérate, wa Bwegera, amekuja kuuza mchele. Alikunywa nusu kikombe kwa heshima. Kisha akatazama juu Amina, akatazama chini ile miguu minne ya benchi, akatazama ng'ambo ya barabara, ambako kulikuwa na kibaraza kipana, kikavu, chenye paa, ambacho hakuna baiskeli ingeweza kukifikia.

— Samahani, wazee, akasema. Kwetu Bwegera ni tambarare, mambo ya mulima siyajui. Lakini benchi hii, mbona hamuihamishi kule?

Mvua ilikuwa inakatika. Tribinali alitazama kibaraza kana kwamba kimejengwa usiku uliopita. Clovis akatoa ufunguo wake mfukoni, akaanza kuhesabu meno. Mithali alifungua kinywa, akainua kidole, akangoja methali ije, haikuja. Mama Ernestine akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa tone moja, likaishia hapo.

Bertrand alikuwa amekwisha kupanda baiskeli. Kwa soko ilikuwa bado mapema, maziwa bado ya baridi. Alipofika kwenye kona iliyofuata, ya kwenda sokoni, ambako njia ni sawa kabisa na hakuna aliyekuwa mbele yake, alibana freni, kidogo tu, kusudi mtaa umsikie.