Fimbo Mbili za Kigingi

Baada ya miaka ishirini na sita kazini, mingi yake akipandisha watu mlimani, kiongozi wetu wa misafara, tunayemwita Kigingi, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Juni. Meneja wa kampuni ameniomba mimi, mpishi wa msafara, niandike kwa uchangamfu wasifu wake, atakaousoma mwenyewe kwenye hafla ya kumuaga hapa mapokezi. Najitahidi.

Kigingi alianza kama mpagazi. Fimbo zake mbili za kutembelea alijinunulia mwenyewe. Mchana zilimsaidia kwenye miteremko, jioni zikawa nguzo za turubai. Kwanza alipigilia vigingi upande unakotoka upepo. Kisha aligeuza fimbo juu chini, mshikio ardhini, ncha ndani ya tundu la turubai, akazungusha kamba hapo na kuivuta mpaka ikakaza. Wapagazi wetu walizoea kuchomeka ncha kwenye tope. Siku moja fimbo zao zilizama taratibu, turubai likatushukia tukinywa uji, na mgeni mmoja akatoka nje amelivaa kama shuka. Kigingi alicheka mpaka akakaa chini. Alituambia tope lina njaa, likipewa ncha linameza.

Halafu ikaja siku ile mgeni alipovunjika mguu, mvua inamwagika, na simu hazishiki. Kigingi alimsimamishia turubai yule mgeni kwa fimbo zake, nami nikabaki naye chini yake. Akazitazama fimbo zake. Angezing'oa, paa lingeanguka. Basi akaziacha zimesimama, akashuka kwenye miamba mikono mitupu kutafuta msaada. Msaada ulifika, na mgeni leo anatembea vizuri tu. Kigingi alianguka njiani, goti likaharibika, na halijapona mpaka leo. Tangu hapo amekuwa akifanya kazi stoo, akishona maturubai yaliyochanika.

Kampuni nayo haikukaa kimya, thubutu! Ilizichukua fimbo zile, ikazikaza kwa skrubu kwenye ukuta wa mapokezi, na chini yake ikaweka kibao: "Moyo Wetu." Wageni hupiga picha hapo. Kigingi hupita hapo kila asubuhi akijishikilia ukuta huohuo. Ameziomba mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa zimeshakuwa historia ya kampuni. Mara ya pili aliambiwa atumie mwavuli. Mkewe, shemeji yetu, alikuja mwenyewe ofisini akamwuliza meneja tangu lini ukuta ukaumwa magoti. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hawakuajiriwa hapa.

Leo Kigingi atakabidhiwa saa ya ukutani. Atapanda juu ya nini kuitundika, hatujaelezwa. Inaniuma, na sitajifanya hainiumi.

Meneja hana desturi ya kusoma anachoagiza kiandikwe, kwa hiyo namalizia kwa uwazi. Kaka Kigingi, ahsante. Mimi na yule mgeni tuko hai kwa sababu ulikubali kushuka bila kitu mkononi, na leo hutashuka hivyo tena. Ukifika mstari huu, geuka utazame ukutani: pamebaki kibao na matundu manne ya skrubu. Fimbo zako ziko nyuma ya kiti chako, nimeshazifuta vumbi. Ngazi za nje zinateleza, kaka. Shuka polepole, na huko uendako ukae kwa heri na afya.