Mzee Dinesh Yuko Pangani

ABDIEL: Haloo, naongea na nani?

DINESH: Abdiel, ni mimi.

ABDIEL: Nani? Sauti inakatika—

DINESH: Dinesh. Dinesh wa dukani.

ABDIEL: Mzee. Shikamoo.

DINESH: Marahaba, Baba Anneth. Mbona kama umeshtuka?

ABDIEL: Namba siijui. Nikadhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii."

DINESH: Simu ni ya binti wa mapokezi hapa hotelini. Laini yangu huku Pangani haishiki kabisa. Kanipa dakika zake, kasema zikiisha ndiyo zimeisha.

ABDIEL: Haya. Hali yako lakini? Magoti?

DINESH: Magoti yamepumzika, huku hakuna ngazi. Arusha mvua vipi?

ABDIEL: Manyunyu tu. Mlima umejifunika tangu Jumapili, hatujauona. Baridi mpaka kwenye mifupa.

DINESH: Huku hata feni inapuliza joto.

ABDIEL: Na bahari? Hebu nielezee bahari, mzee. Mimi mara ya mwisho kuiona ni harusi ya shemeji yangu Tanga, na siku hiyo nilikuwa nachunga viatu vya watu.

DINESH: Bahari ipo tu. Inakuja, inarudi.

ABDIEL: Ah. Watu wanapanda ndege kuifuata, wewe unasema ipo tu?

DINESH: Ngoja nikusomee. Pale mlangoni kuna ubao. Yule binti kila asubuhi anaandika kwa chaki habari za hapa na mahali pa kutembelea. Anaitwa Naisula, ni wa huko kwetu, Ngaramtoni. Anaandika vizuri kuliko magazeti.

ABDIEL: Nisomee.

DINESH: "Alhamisi. Boti ya Kisiwa cha Maziwe inaondoka saa mbili, njooni na kofia." Hicho kisiwa ni mchanga mtupu, Abdiel. Maji yakijaa hakionekani. Watu wanakwenda kusimama juu yake wakati maji yametoka, wanapiga picha, wanarudi.

ABDIEL: Ulikwenda?

DINESH: Hapana. "Jana mayai ya kasa yameanguliwa. Vitoto tisini na viwili vimefika majini." Hiyo nayo sikuiona. Waligonga mlango kuniita, nikajifanya nimelala.

ABDIEL: Kwa nini sasa?

DINESH: Nilichoka. "Kivuko kimetengenezwa, magari yanavuka tena." "Mjini kuna matembezi ya kuangalia majumba ya zamani, mwongozaji yupo." "Umeme utakatika saa nane hadi saa kumi na moja, tuvumiliane." Jumamosi kuna ngoma ufukweni.

ABDIEL: Hiyo ngoma usiikose. Na chakula je? Samaki? Lakini wewe huli samaki—

DINESH: Sili. Wananipikia maharage ya nazi. Siku nne, maharage ya nazi. Mpishi ananionea huruma kuliko ninavyojionea mwenyewe.

ABDIEL: [anacheka kidogo] Endelea, mzee. Kingine?

DINESH: Kingine nini? Nakaa kwenye kiti, naangalia maji. Wameniwekea viti viwili. Kila jioni mhudumu anauliza, "Mama anakuja?" Nikamwambia mke wangu alifariki mwaka juzi. Kesho yake anakuja mwingine wa zamu, anauliza tena.

ABDIEL: Pole, mzee. Mama Pramila angepapenda.

DINESH: Angepapenda. Kila mwaka alikuwa anasema, tufunge duka wiki moja, twende baharini. Mimi nasema mwakani. Miaka thelathini na kitu nasema mwakani— Hiyo nini?

ABDIEL: Nini?

DINESH: Huo mlio. Kama nyundo.

ABDIEL: Ni jirani. Anarekebisha mlango.

DINESH: Jirani yupi?

ABDIEL: Huyu wa... huyu wa upande wa juu. Mzee, mtandao unasumbua, hebu niambie huo mto wa Pangani, ni kweli ndiyo maji ya mlima wetu?

DINESH: Baadhi. Abdiel, ile cherehani ya Mama Simel umeimaliza? Nilimwahidi leo.

ABDIEL: Ameshaichukua.

DINESH: Inashona?

ABDIEL: Haishoni.

DINESH: Kwa hiyo ameichukua vipi?

ABDIEL: Nimempa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeifungua, nikairudishia vifuniko, nikamwambia anisamehe. Haloo?

DINESH: Nipo.

ABDIEL: Mzee, umekaa au umesimama?

DINESH: Nimekaa. Huku siku nzima ni kukaa.

ABDIEL: Sikutaka uyasikie kwenye simu. Na nimekatazwa kukwambia. Lakini umepiga mwenyewe, umeuliza, na mimi kukudanganya nimeshindwa. Hata huyo jirani na nyundo yake, hayupo.

DINESH: Sema.

ABDIEL: Mwanao Jayesh alikuja Jumatatu asubuhi. Nimefika kufungua, nakuta lori mlangoni, kisha yeye akatokea. Akaniambia, "Anko Abdiel, leo hatufungui." Nikadhani kuna msiba. Akasema chumba kimechukuliwa na watu wa kuuza simu, wanaingia Jumatatu ijayo, kila kitu kitoke. Rafu, makabati, vipuri vyote. Nyundo unayoisikia inang'oa rafu za ukutani.

DINESH: Mm.

ABDIEL: Akasema wewe hujui. Akasema daktari kakataza usipewe habari nzito, ndiyo maana amekupeleka baharini, utaelezwa polepole ukirudi. Na akaniomba nisikupigie. Mtoto nimemfundisha baiskeli mimi mwenyewe, leo ananiomba nikufiche. Nikakubali. Nilifikiri nakulinda.

DINESH: Baba Anneth—

ABDIEL: Ngoja nimalize. Siku nne, chakula hakipiti. Mke wangu ananiuliza kama ni malaria. Usiku nawaza, mzee atarudi Jumapili, atateremka stendi, Jumatatu atakuja dukani na ufunguo wake, atakuta watu wanauza simu. Atanitazama mimi. Nitamwambia nini?

DINESH: Abdiel. Najua.

ABDIEL: Unajua nini?

DINESH: Duka. Nilisaini mwenyewe, mwezi wa pili. Hakuna daktari aliyekataza kitu. Mimi ndiye nilimwambia Jayesh, fanya nikiwa sipo. Nitafutie mahali pa mbali. Na Abdiel mwambie wewe, mimi siwezi.

ABDIEL: Ameniambia hujui.

DINESH: Amenisitiri. Ameona aibu yangu akaibeba yeye.

ABDIEL: Mwezi wa pili. Mwezi wa pili tulikuwa tunapaka rangi mlango.

DINESH: Ndiyo.

ABDIEL: Nikakuuliza, tupake kijani tena au bluu? Ukasema chagua wewe.

DINESH: Ndiyo.

ABDIEL: Mzee, nina miaka hamsini na nane. Nimeingia pale sijaoa. Miaka thelathini na moja. Mimi ni wa kuambiwa na dereva wa lori?

DINESH: Jayesh alisema atakuambia—

ABDIEL: Jayesh amenikuta tayari nabishana na dereva. Nilimfukuza, nikamwambia amekosea mtaa.

DINESH: Sina la kujitetea.

ABDIEL: Hapana, jitetee. Nataka kusikia.

DINESH: Macho, Abdiel. Uzi sioni tena. Tangu mwaka jana nikishika sindano najidunga. Wateja wananiletea mimi, nazungusha gurudumu mbele yao, wakitoka nakusogezea wewe. Ulikuwa unajua.

ABDIEL: Nilikuwa najua.

DINESH: Hukusema.

ABDIEL: Ningesema nini? Mwenye duka ni wewe.

DINESH: Na nyumbani hakuna mtu. Jayesh anasema njoo Dar, ukae na sisi. Nikawa nafungua duka kwa sababu tu wewe utakuwepo saa mbili na chai yako. Siku nikisema nafunga, maana yake nimekwambia usije tena. Nilifanya mazoezi. Kweli, nilifanya, njiani nikitembea. "Abdiel, rafiki yangu." Nikifika mlangoni nakuta umeshafagia, maneno yanaisha.

ABDIEL: Ungeyasema hata kwa kukosea.

DINESH: Ningeyasema. Nimekosa. Nisamehe.

[mtandao unakoroma]

ABDIEL: Haloo? Mzee?

DINESH: Nasikia.

ABDIEL: Nimechoka. Hasira yenyewe nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya Jayesh, sasa sijui niipeleke wapi.

DINESH: Ilete huku.

ABDIEL: Huko na joto lako hilo? Acha tu.

DINESH: Utakwenda wapi kufanya kazi?

ABDIEL: Kuna mama mmoja fundi cherehani kule mtaa wa Sakina, anaitwa Joyce, kanipa kona ya baraza lake. Wateja wawili wameshanifuata. Kazi itakuwepo. Tatizo nina mikono tu.

DINESH: Vifaa je?

ABDIEL: Vifaa ni vya duka.

DINESH: Ile meza ya ufundi, yenye jiliwa la kubania vyuma, na droo zake zote?

ABDIEL: Inaondoka leo mchana. Kuna mtu wa vyuma chakavu kachukua vyote vilivyobaki, Jayesh hajui ipi ni takataka na ipi siyo. Kwake ni vyuma tu.

DINESH: Hukumwambia?

ABDIEL: Nimwambie nini, hii niachieni? Miaka thelathini na moja sijatoka na hata bobini ya uzi mfukoni. Nianze siku ya mwisho?

DINESH: Ni yako. Meza, jiliwa, droo, zile cherehani tatu za vipuri. Chukua.

ABDIEL: Mzee, hapana.

DINESH: Nakwambia chukua.

ABDIEL: Unaniambia kwenye simu ya mtu, kutoka Pangani. Jayesh amekwenda kula, akirudi akanikuta nabeba meza, nimwonyeshe nini? Niseme mzee kaniambia, mzee ambaye eti hajui? Wale wa lori watasema Abdiel kaiba, na mjini neno kama hilo haliondoki.

DINESH: Nipe Jayesh niongee naye.

ABDIEL: Nimekwambia amekwenda kula. Na sitaki uongee naye kwenye simu.

DINESH: Unataka nini?

ABDIEL: Njoo.

DINESH: Nije?

ABDIEL: Uje usimame pale mlangoni. Useme mbele ya mwanao na mbele ya majirani, huyu alikuwa fundi wangu, hivi ni vyake. Hata chumba kikiwa kitupu. Mimi ndivyo ninavyotaka kuagwa. Siyo na dereva wa lori.

DINESH: Siwezi, Abdiel. Ndiyo maana nimekimbia. Nikiuona ule ukuta bila rafu—

ABDIEL: Mimi nauona tangu Jumatatu. Haujaniua. Unachosha tu. Una viti viwili huko na hakuna anayekaa. Huku nitakuwekea kimoja, nitasimama pembeni.

DINESH: Chumba kimelipiwa mpaka Jumapili.

ABDIEL: Naisula mwachie amlaze mtu mwingine.

DINESH: [anaongea na mtu pembeni] ... Saa ngapi? ... Na Tanga napata la Arusha? ... Abdiel, anasema kuna basi la alfajiri hadi Tanga. Huko naunganisha. Nafika Arusha jioni.

ABDIEL: Jioni hiyo hiyo ya kesho?

DINESH: Kesho, Ijumaa. Mtakuwa bado hamjafunga?

ABDIEL: Ufunguo mwingine ninao mimi. Duka halifungwi.

DINESH: Nitasema nini kwa Jayesh?

ABDIEL: Atakupa kiti, atakupa maji, atalia kidogo. Yeye naye ni kama wewe. Siku nne hajanitazama usoni.

DINESH: Na wewe utanitazama?

ABDIEL: Njoo kwanza.

DINESH: Sawa. Nakuja. Sasa sikiliza, watu wa vyuma wakifika kabla— Naisula ananionyesha, dakika zinaisha— waambie droo ya kushoto ina—

ABDIEL: Ina nini? Mzee, rudia.

DINESH: —kwamba mimi mwenyewe ni—

ABDIEL: Rudia, sikusikii. Vaa sweta, huku ni baridi. Unasikia? Sweta.

DINESH: —ndiyo— asante, Bab—

[imekatika]

ABDIEL: Haloo? ... Haloo? ... [mbali na simu] Nyie. Samahani, jamani. Hiyo meza ishusheni kutoka kwenye lori. Irudisheni ndani, pale pale ilipokuwa. Hapana, sijaambiwa na Jayesh. Mwenye duka anakuja kesho.